Karatasi ya safari na maombi: kumwandaa mwinjilisti kabla ya msururu wa mikutano

"Bwana asifiwe wapendwa, tumwombee mtumishi, anasafiri." Ujumbe wa namna hii huingia kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa ya Nairobi, na majibu ni yaleyale: amina, amina, na vikaragosi vya mikono ya sala. Anakwenda wapi? Kwa gari gani? Kimekwama nini? Hakuna ajuaye. Mama wa maombi aliyeamka saa kumi alfajiri kule Kayole atakuwa ameishiwa maneno baada ya dakika mbili, na si kosa lake.

Kinachosaidia ni karatasi moja yenye safari na maombi bega kwa bega: kila tarehe na hitaji lake, na kila hitaji na mtu anayelishughulikia. Tuchukue timu ya watu 6 inayotoka Nairobi kwa mikutano mitatu, Nakuru, Kisumu na Voi, kila mmoja Jumatano hadi Jumapili.

Anza na safari

Maombi yatapata umbo ratiba ikikaa sawa, kwa hiyo andika ratiba kwanza, wiki 8 kabla. Acha wiki moja tupu kati ya mkutano na mkutano. Wahasibu hawaipendi wiki hii, kwa sababu Nakuru na Kisumu ziko njia moja na kuziunganisha kunaokoa mafuta. Lakini mhubiri aliyehubiri uwanjani siku tano mfululizo hufika mji wa pili koo likikwaruza, na mafuta mliyookoa yanaishia kwenye dawa na mhubiri wa kukodi.

Mkutano ukianza Jumatano saa nane mchana, timu ifike Jumatatu jioni. Jumanne ni ya kujaribu vyombo, kukaa na wachungaji wenyeji na kumpitishia mkalimani masomo. Zaidi ya hayo, ni siku ya akiba: gari likifia njiani, tuseme Kinungi, mnayo saa 24 za kurekebisha mambo. Timu inayofika Jumatano asubuhi haina cha kurekebishia.

Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi, hadi Kisumu kama 350. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara ya Waiyaki Way haijafungwa na foleni. Ijumaa jioni msithubutu. Ukungu wa Limuru hadi Kinungi hauhitaji kukemewa, unahitaji dereva anayepunguza mwendo na taa zinazowaka, kwa hiyo mkague taa na breki siku mbili kabla, si alfajiri ya safari. Msisafiri usiku. Kama mnapanda matatu au basi, kateni tiketi mapema zaidi karibu na Pasaka, Desemba na siku shule zinapofunga au kufungua, maana nauli hupanda na viti huisha.

Kwa Voi kuna treni. Ile ya saa mbili asubuhi kutoka stesheni ya Syokimau husimama stesheni za katikati, Voi ikiwemo. Kila abiria awe na kitambulisho alichokatia tiketi, na mfike saa moja kabla kwa sababu mizigo hukaguliwa. Jenereta yenye petroli haipandi treni: ipelekeni kwa barabara au mkodi huko huko.

Mvua iingie kwenye ratiba pia. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Kisumu ina tabia yake, ngurumo za alasiri kutoka ziwani hata nje ya majira hayo, saa ile ile mhubiri anapokaribia kuita watu mbele. Turubai la kufunika mikseta liwe jukwaani limekunjuliwa tayari, si ndani ya gari. Kisumu ina malaria pia. Mtu aliyeishi Nairobi miaka mingi amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo, hata kama alizaliwa Siaya. Chandarua ni lazima, na homa ikija baada ya kurudi, akimwona daktari aanze kwa kusema alikuwa ziwani.

La simu na la magoti

Sasa pigeni mstari katikati ya karatasi. Kushoto andikeni kazi, kulia ombi. "Uwanja haujathibitishwa" ni kazi kwanza: nani anapeleka barua kaunti, nani anafuata risiti, lini. Ombi lake ni kibali machoni pa ofisa anayeamua. Hitaji lisilo na jina upande wa kushoto lisipelekwe kwa waombezi. Tumeona makanisa yakifunga siku tatu kwa ajili ya kibali ambacho hakuna aliyekiomba.

Mkutano wa hadhara unatakiwa kutaarifiwa kwa mkuu wa kituo cha polisi, OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Pelekeni barua hata kama ni ibada tupu, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri, kwani askari wa zamu ya jioni hataki maelezo, anataka karatasi. Kuhusu spika, kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku tangu saa mbili. Malizeni saa kumi na mbili na nusu. Akina mama wenye watoto watafika nyumbani kukiwa bado na mwanga kidogo, na jirani wa uwanja hatapata sababu ya kulalamika.

Kitu kimoja cha vyombo kinastahili kukaa pande zote mbili za karatasi, maana huombewa sana na hufunzwa kidogo: umeme. Jenereta iwashwe ikiwa haijabeba kitu, iachwe dakika mbili tatu itulie, ndipo iwashwe mikseta, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake: amplifaya kwanza. Ukiacha amplifaya zimewaka halafu uvute kamba ya jenereta, umeme unaoruka unaweza kuziunguza, na hilo si shambulio la adui. Maiki zisizo na waya ziwekewe betri mpya kila siku.

Kuandika hitaji

Paulo, akijiandaa kwenda Yerusalemu, aliwaandikia Warumi (15:30-32) mambo matatu: aokolewe na wasioamini wa Uyahudi, msaada anaoupeleka ukubalike kwa watakatifu, afike Rumi kwa furaha. Ametaja mahali, watu na hofu yake. Msomaji wa barua ile angeweza kufuatilia yapi yametimia na yapi bado.

Kwa hiyo badala ya "ombeeni umoja wa kanisa Nakuru," andika: "Wachungaji 9 wanakutana Alhamisi saa nne kuamua nani atawapokea waliookoka. Mara ya mwisho hawakuelewana. Ombeni wamalize siku hiyo hiyo." Badala ya "afya ya mtumishi," andika: "Koo la mhubiri halijapona tangu Jumapili, ana siku sita za kupumzika sauti." Mahitaji matano yanatosha kwa wiki. Yakifika kumi na mawili, watu husoma mawili ya kwanza.

Yako mambo ya kuchuja. Usiandike kwamba mji fulani umejaa giza na uchawi. Ujumbe husambazwa, na mchungaji mwenyeji atausoma kabla hujafika. Ugonjwa wa mtu usitajwe bila ruhusa yake, hata kwa kumwonea huruma. Na usiifiche pesa ndani ya sala. Kama mnapungukiwa na nauli, semeni kiasi kwa barua ya pekee na namba ya malipo ya kanisa, si ya mtu binafsi. Mwombezi akigundua kila "tuombe" ni mchango, ataacha kufungua ujumbe.

Saa ya kutoka na njia kamili zibaki kwa kundi dogo, watu kumi hivi mnaofahamiana. Kundi la watu 200 lipate mji na siku tu.

Wapo waombezi wenye kabambe, zile simu ndogo zisizo na WhatsApp, na mara nyingi ndio wanaoomba zaidi. Wao wapate SMS moja isiyozidi herufi 160. Emoji moja ikiingia, nafasi hushuka hadi 70 na ujumbe unakatwa vipande, kila kimoja na malipo yake. Huu hapa unatosha:

"Jtatu tar.9: Nbi-Kisumu, gari 1, watu 6. Omba: 1 dereva 2 wachungaji wapatane zamu 3 koo la mhubiri. Tutajibu leo saa 2 usiku"

Zamu na kufunga

Mnyororo wa saa 24, watu wawili kila saa, unahitaji watu 48 kwa siku. Kama hamna 48 wa kweli msiutangaze. Saa tisa usiku itakuwa tupu. Watu 12 wanaoshika saa kumi na moja hadi kumi na mbili alfajiri kila siku kwa wiki tatu wana nguvu kuliko orodha ndefu ya majina.

Dereva asifunge siku ya barabara wala asikeshe usiku wa kuamkia safari, hata akisisitiza. Aambiwe hivyo na mchungaji, mbele ya wenzake, ili asijione mlegevu. Wenye kisukari, vidonda vya tumbo au dawa za kila siku waombe bila kufunga, na mama mjamzito vilevile.

Majibu

Mliahidi saa mbili usiku, basi saa mbili usiku mjibu, hata kwa neno moja: "Tumefika." Kila Jumatatu pitieni mahitaji ya wiki iliyopita na mwandike mbele ya kila moja: limejibiwa, bado, au limebadilika. "Bado" isifichwe. Kama wachungaji wa Nakuru hawakupatana, semeni hawakupatana, na mseme timu inafanya nini sasa.

Kadi za waliookoka zinahitaji uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo jina kamili, namba ya simu na mtaa vibaki kwa mchungaji mwenyeji atakayemtembelea, naye akabidhiwe kadi hizo Jumapili jioni kabla jukwaa halijabomolewa. Waombezi wa Nairobi wapewe idadi, na jina la kwanza tu kwa aliyekubali. Picha za watu waliopiga magoti mbele, nyuso zikionekana, zisirushwe kundini usiku ule.