Probayotiki na pribayotiki kwa mwenye IBS: jinsi ya kujaribu mpaka upate jibu

Watu wengi wenye IBS, ile shida ya muda mrefu ya maumivu ya tumbo na choo kubadilikabadilika, wanaanza hivi. Tumbo limeshawachosha, gesi, maumivu, leo choo kimefunga keshokutwa wanaharisha, halafu mtu anawaambia jaribu probayotiki. Basi wananunua chupa ya vidonge vya probayotiki, wanaongeza na kopo la unga wa pribayotiki, na siku hiyohiyo wanaacha maziwa, wanaacha kahawa, wanaanza na mazoezi. Wiki mbili zikipita tumbo limetulia kidogo au limechafuka zaidi, na hapo hakuna anayeweza kusema kilichosababisha ni kipi kati ya vyote hivyo. Hela imeenda, jibu hakuna.

Mimi msimamo wangu ni huu: jaribu kitu kimoja, kwa muda ulioupanga mwenyewe, huku unaandika kila siku, na kisipokusaidia achana nacho hata kama kopo bado limejaa. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufanya hivyo.

Kwanza uwe na uhakika kwamba ni IBS kweli. Vigezo wanavyotumia madaktari vinaitwa Roma IV, vilitoka 2016, na vinasema hivi: maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki kwa wastani ndani ya miezi 3 iliyopita, shida yenyewe iwe imeanza si chini ya miezi 6 nyuma, na maumivu hayo yaendane na angalau mambo mawili kati ya haya matatu, yaani kwenda choo, kubadilika kwa idadi ya mara unazoenda, na kubadilika kwa choo chenyewe kuwa kigumu au laini. Ila kama unaona damu kwenye choo, unapungua uzito bila kujua kwa nini, una homa, umeambiwa damu imepungua, kuharisha kunakuamsha usiku, shida imeanza ukiwa umeshapita miaka 50, au kwenye ukoo kuna mtu aliyepata saratani ya utumbo mpana, usinunue chochote, nenda hospitali kwanza. Na hata kama huna dalili hizo, omba angalau kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki (ule ambao ngano na jamaa zake zinaudhuru utumbo), na kama unaharisha omba na kipimo cha choo kinachoitwa kalprotektini, hicho kinasaidia kujua kama utumbo una uvimbe wa kweli. Kuna watu wanameza probayotiki miaka na miaka kumbe tatizo ni siliaki, na siliaki haitibiwi na bakteria wa kopo, inatibiwa kwa kuacha ngano na jamaa zake kabisa.

Sasa tofauti ya hivi vitu viwili, maana watu wanavichanganya sana. Probayotiki ni vijidudu hai vyenyewe, mara nyingi bakteria wa jamii ya Lactobacillus na Bifidobacterium, au hamira inayoitwa Saccharomyces boulardii. Pribayotiki si kitu hai, ni chakula cha bakteria ambao tayari unao tumboni: inulini, FOS, GOS na wenzake. Hizi ni kabohaidreti ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, zinapita utumbo mwembamba zikiwa vilevile, zikifika utumbo mpana bakteria wanazila na katika kuzila wanatoa gesi. Na hapa ndipo mwenye IBS anapoumia, kwa sababu utumbo wake mara nyingi una hisia kali kuliko kawaida, gesi ileile ambayo mwenzake hata haisikii yeye inamfanya ajikunje. Ndiyo maana nasema usianze vyote viwili pamoja, tena mimi ningeanza na probayotiki, pribayotiki isubiri.

Na utafiti unasemaje? Niseme ukweli, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani, AGA, mwaka 2020 kilisema probayotiki kwa IBS itumike kwenye tafiti tu, chama kingine cha hukohuko, ACG, mwaka 2021 kikapendekeza zisitumike, na mwaka huohuo wa 2021 wenzao wa Uingereza wakasema zinaweza kusaidia maumivu na dalili kwa ujumla, anayetaka kujaribu ajaribu hadi wiki 12 na akiona hakuna kitu aache. Usishangae. Tafiti nyingi ni ndogo, na kila moja imetumia bakteria wake na dozi yake, kwa hiyo ukizijumlisha zote unapata picha yenye ukungu. Mimi nafuata njia ya Uingereza kwa sababu kwa mtu mwenye afya nyingine nzuri hatari ni ndogo, lakini naomba uiweke akilini hiyo picha, usiende dukani ukitegemea muujiza.

Dukani (au mtandaoni) soma lebo kama unasoma mkataba. Kitu cha kwanza ni jina kamili. Jina zima lina sehemu tatu, kwa mfano Bifidobacterium longum 35624: neno la kwanza ni jenasi, la pili ni spishi, na hiyo namba ya mwisho ndiyo streini, yaani bakteria huyo hasa na si ndugu yake. Matokeo ya utafiti ni ya streini iliyopimwa. Lebo ikiishia kwenye "Bifidobacterium longum" bila kitu mbele, hujui unameza nini. Streini zilizowahi kupimwa kwa watu wenye IBS na kuonyesha nafuu kwenye baadhi ya tafiti ni kama hiyo 35624 na Lactobacillus plantarum 299v. Halafu usichanganyikiwe na majina, 2020 wanasayansi waligawa upya jenasi ya Lactobacillus, kwa hiyo plantarum sasa anaitwa Lactiplantibacillus plantarum, kopo moja lina jina la zamani lingine jipya, ukiona 299v ni yuleyule.

Cha pili ni idadi ya vijidudu hai, CFU, ile namba ya mabilioni wanayoiandika kwa herufi kubwa mbele ya kopo. Watu wanaona bilioni 50 wanadhani ni bora kuliko bilioni 1. Sasa sikiliza hii. Utafiti mmoja uliotoka 2006 uliwachukua wanawake 362 wenye IBS ukawapa hiyo 35624 (wakati ule ilikuwa inaitwa infantis) kwa dozi tatu tofauti, milioni 1, milioni 100 na bilioni 10 kwa siku, na wengine wakapewa kidonge kitupu kisicho na bakteria ndani, kwa wiki 4. Waliopata nafuu kuliko wa kidonge kitupu ni wale wa dozi ya kati, milioni 100. Ile ya bilioni 10 haikufua dafu, na walipochunguza wakakuta kapsuli zake zikilowa unga wa ndani unashikamana kuwa donge la kunata, hauyeyuki, bakteria wamebaki wamefungwa humohumo. Kwa hiyo tafuta dozi iliyotumika kwenye utafiti wa streini yako, na uangalie kama namba imehakikishwa hadi tarehe ya kuisha muda au ni ya siku ilipotengenezwa tu, maana hawa ni viumbe hai, wanakufa kwenye kopo, hasa penye joto na unyevu. Usiliweke bafuni, na kama lebo inasema friji basi ni friji.

Cha tatu, na hiki wengi hawakiangalii, ni yale maandishi madogo ya viungo vingine. Vidonge vingi vya probayotiki vimewekwa inulini au FOS ndani, na vya kutafuna vina sobitoli, manitoli au zailitoli kwa ajili ya utamu. Vyote hivyo vinaweza kukujaza gesi, halafu unailaumu bakteria bure.

Ukishanunua usimeze kwanza. Chukua daftari au simu na kwa wiki 2 andika hali yako ilivyo bila hicho kitu. Usiandike insha, mstari mmoja kwa siku unatosha, kama hivi: Jumanne, maumivu 6, kujaa tumbo 7, choo mara 3, aina ya 6, nimelala vibaya. Maumivu na kujaa unavipa alama kutoka 0 hadi 10, na aina ya choo unatumia chati ya Bristol yenye aina 7, ya 1 ni vidonge vigumu vilivyoachana na ya 7 ni maji matupu. Mwanamke aandike na siku za hedhi, kwa sababu wengi dalili zinapanda kipindi hicho, na ukilinganisha wiki ya hedhi na wiki isiyo ya hedhi utajidanganya bila kujua.

Baada ya hapo anza, kila siku, muda uleule, kwa dozi iliyoandikwa. Siku za mwanzo gesi inaweza kuongezeka kidogo, hiyo ivumilie, lakini maumivu makali au homa si ya kuvumilia, acha na umwone daktari. Mpe bakteria angalau wiki 4, na ukiona mwelekeo mzuri endelea hadi 12. Katikati ya hapo usibadilishe kingine chochote unachoweza kukizuia, lishe ileile, dawa zilezile, na ule unga wa pribayotiki usiuguse.

Amua mapema ni nini utakiita nafuu. Kwenye tafiti za IBS kipimo kinachotumika sana ni maumivu kupungua kwa asilimia 30 au zaidi, kwa hiyo kama wastani wako ulikuwa 6 unatafuta ushuke hadi 4 hivi. Bila namba utasema "naona kama kuna afadhali" kwa sababu umetoa hela na unatamani ifanye kazi, na hilo ni la binadamu wote, kwenye tafiti za IBS watu 3 hadi 4 kati ya 10 wanapata nafuu kwa kidonge kitupu. Ikitokea imesaidia, acha kwa wiki chache uone. Dalili zikirudi, una sababu ya kuendelea. Zisiporudi, umeokoa hela.

Ukiandikiwa antibayotiki katikati ya jaribio, muulize daktari au mfamasia, kwa kawaida unapishanisha na probayotiki ya bakteria kwa saa kadhaa, na jaribio lako ujue limeharibika, itabidi uanze kuhesabu upya baadaye. S. boulardii kwa kuwa ni hamira antibayotiki haimuui, ila dawa za fangasi zinamuua.

Sasa pribayotiki. Kabla ya kwenda huko, kama hujawahi kujaribu siliamu, yale maganda ya mbegu ambayo lebo inaandika psyllium au ispaghula, anza na hiyo, hasa kama shida yako ni kufunga choo. Kwa IBS ina ushahidi imara kuliko pribayotiki nyingi zinazouzwa, bei si ya kutisha, na bakteria wanaila taratibu kwa hiyo gesi si nyingi. Anza na gramu 3 hadi 4 kwa siku, ongeza kidogokidogo, koroga kwenye glasi nzima ya maji na unywe hapohapo kabla haijawa uji, kisha ongeza maji mengine. Mwenye shida ya kumeza asiitumie, na dawa zako nyingine zipishanishe nayo kama saa 2. Pumba za ngano usiziweke kundi moja na hii, hizo wengi wa IBS zinawazidishia.

Ukitaka pribayotiki kamili, epuka kuanza na inulini. Tafiti zilipokusanywa pamoja, zile za inulini na ndugu zake zilionyesha gesi inaongezeka, wakati aina nyingine kwa dozi ya gramu 6 au chini kwa siku gesi ilipungua. Za kufikiria ni GOS (utafiti mmoja wa Uingereza wa 2009 ulitumia gramu 3.5 kwa siku na kujaa tumbo kukapungua) na gamu ya guari iliyovunjwavunjwa, kwenye lebo inafupishwa PHGG. Anza na gramu 1 au 2, kaa hapo wiki nzima, ndipo upandishe. Ikikushinda rudi kiwango cha chini, si lazima ufikie dozi ya kopo. Na kama sasa hivi uko kwenye lishe ya FODMAP kidogo (FODMAP ni kabohaidreti zinazochachuka tumboni na kuleta gesi), ile ya Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, hatua ya kuondoa vyakula, acha inulini na GOS mpaka umalize hatua hiyo, kwa sababu zenyewe ni FODMAP, utakuwa unatoa kwa mkono mmoja unarudisha kwa mwingine.

Wapo ambao hawatakiwi kujaribu peke yao kabisa: mwenye kinga iliyoshuka sana, anayetumia dawa za saratani, mwenye mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, mwenye uvimbe mkali wa kongosho. Kwao hao vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu au kuleta madhara makubwa. Mjamzito naye aongee na daktari wake kwanza.

Streini ya kwanza ikishindwa, jaribu ya pili kwa utaratibu uleule. Ya pili nayo ikishindwa mimi ningeishia hapo, nisiingie ya tatu na ya nne, kwa sababu kuna vitu vingine vya IBS ambavyo huenda hujapewa: mafuta ya peremende kwenye kapsuli, dawa za kutuliza mikazo ya utumbo, dawa ya amitriptilini kwa dozi ndogo, tiba ya mazungumzo ya CBT, hata hipnosisi maalumu ya utumbo. Nenda kwa daktari na lile daftari, mfungulie ukurasa wa wiki mbili za mwanzo na ukurasa wa wiki za mwisho, mwambie streini ipi, dozi gani, wiki ngapi, na umuulize kati ya hivyo kipi kinafaa kwa aina yako, ya kufunga choo, ya kuharisha au ya mchanganyiko.