Bangi ya balconi Ujerumani: usikate kabla hujachungulia

Wadau mlioko Ujerumani, tangu 1 Aprili 2024 mtu mzima aliyeishi huko angalau miezi sita anaruhusiwa kuwa na miche mitatu nyumbani, na kila Septemba swali ni lilelile, nikate lini? Mwaka wangu wa kwanza niliona nywele za kwenye ua zimeanza kuwa za kahawia nikasema tayari hiyo, ilipokauka ikanuka kama majani ya ng'ombe, miezi yote ile bure.

Ichukulie kama mahindi ya kuchoma, ndevu zikikauka unajua yanakaribia lakini bado unachana ganda uone punje. Hizo nywele nyeupe za kwenye ua ndo ndevu, zikigeuka kahawia karibu zote na kujikunja, ndo unaanza kuchungulia, sio kukata. Punje sasa ni vile vitone vya utomvu vinavyometa kama sukari, kwa macho matupu huvioni vizuri, tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara 30 hadi 60. Vikiwa kama kioo, bado. Vikiwa vyeupe kama maziwa, hapo ndo penyewe. Vichache vikiwa na rangi ya asali sawa tu, ila vikijaa asali umechelewa, hiyo ni ya kukulaza kwenye kochi. Na angalia kwenye ua lenyewe, sio vijani vinavyochomoza, vile huwahi vikakudanganya.

Zile wiki nane au tisa za kuchanua mpaka kuvuna zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu zichukulie kama ahadi ya fundi cherehani.

Mche wa nje una kesi yake, mvua za Oktoba zinaleta ukungu wa kijivu unaoanzia ndani ya ua, utaona kijani kimoja katikati kimekauka chenyewe, ukikivuta kinachomoka bila ubishi. Hapo kata tu hata kama maziwa hayajafika, na palipooza tupa, usije ukapavuta kama sigara.

Halafu kisheria ukishakausha mwisho ni gramu 50 nyumbani kwa kila mtu mzima, mche mmoja ukistawi unapita hapo peke yake, ziada unatakiwa uiharibu, kumpa mshkaji hata bure hairuhusiwi, na watoto wasifikie. Ndo maana siku hizi napanda mmoja tu. Na ukienda likizo Dar au Nairobi kagua mpaka mifuko ya koti.