MP3 au FLAC? Namna ya Kuchagua Muundo wa Faili kwa Maktaba Yako ya Muziki

Anayepanga maktaba ya muziki katika kompyuta kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni muundo upi wa faili ulio bora, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni iwapo muziki wenyewe utapatikana tena ukipotea. Wimbo uliotoka mwaka jana utaupata kwingine hata ukiufuta leo. Lakini kaseti ya taarabu iliyorekodiwa ukumbini Tanga huenda ikawa nakala pekee iliyobaki, na utepe wake unazidi kuchakaa.

Miundo ya MP3, AAC na Opus hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzitambua, kama vile mlio hafifu unaofunikwa na mlio mkubwa wa masafa ya jirani. Kilichotupwa hakirudi. FLAC na ALAC hubana pia, lakini huandika taarifa zilezile kwa mkato na kuzirudisha zote, biti kwa biti, wakati wa kusikiliza. WAV ya kawaida haibani chochote.

CD ya muziki hubeba sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 za biti 16 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, yaani kilobiti 1,411 kwa sekunde. Albamu ya saa moja katika WAV basi huchukua takriban megabaiti 635. FLAC mara nyingi huishusha hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya hapo. MP3 ya kilobiti 320 huchukua megabaiti 144, na ya kilobiti 128 megabaiti 58 tu.

Kwa masikio pekee, wasikilizaji wengi hushindwa kutofautisha MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa vizuri na CD yenyewe. Anayebisha ajipime kwa programu ya foobar2000, ambayo ina kiongezi cha majaribio ya ABX kinachocheza matoleo mawili bila kumwonyesha msikilizaji lipi ni lipi. Tena spika za Bluetooth hupokea sauti iliyobanwa upya njiani, kwa hiyo atakayekuambia kwamba FLAC ni tamu zaidi katika spika yake ya Bluetooth, mwache na imani yake.

Sababu ya kuchagua FLAC, basi, ni uhifadhi. Kila unapogeuza faili la MP3 kuwa AAC au Opus unatupa tena juu ya kilichokwisha kutupwa, lakini kutoka FLAC unaweza kutengeneza nakala ya muundo wowote, leo au miaka ishirini ijayo, bila hasara ya awali. Isitoshe, FLAC hubeba ndani yake alama ya ukaguzi ya sauti asilia, na amri ya flac -t ya programu ya flac hukuonyesha iwapo faili limeharibika. Wanaotumia vifaa vya Apple pekee wanaweza kuchagua ALAC. Kisha, kwa programu kama fre:ac, geuza folda nzima ya FLAC kuwa Opus ya kilobiti 128 kwa ajili ya simu, au MP3 kwa ajili ya redio za magari na sabufa ambazo baadhi hazisomi kingine kwenye flashi. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya saa 200 za MP3 ya kilobiti 320.

Kwa kaseti, rekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 au 96,000 kwa sekunde, ukiacha vilele vya sauti chini ya sifuri, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho rekodi inaweza kubeba, kwa desibeli 6 hivi, kwa kuwa zumari au mlio wa tarumbeta ukigonga dari hiyo haurekebishiki. Faili hilo la kwanza lisiguswe. Kelele za utepe ziondolewe katika nakala.

Mafaili uliyoyapata yakiwa MP3 yaache yalivyo, kwani kuyageuza kuwa FLAC huongeza ukubwa tu. Ukipewa FLAC unayoitilia shaka, ifungue kwa programu ya Audacity na utazame spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti: sauti iliyokatika ghafla kama kwa rula karibu na kilohezi 16 ni dalili kwamba faili lilipitia MP3 ya kiwango cha chini. Rekodi ya zamani nayo huwa na sauti chache huko juu, lakini yenyewe hufifia polepole.