Ukimpeleka mpwa wako London, anza na karatasi

Usitegemee pasipoti na viza pekee, hasa kama jina lako la ukoo na la mtoto hayafanani. Beba barua ya ruhusa iliyosainiwa na wazazi wote wawili, yenye tarehe za safari, mahali mtakapofikia na namba zao za simu, pamoja na nakala za cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vyao. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, maana afisa uhamiaji unakutana naye kabla ya kuchukua masanduku. Viza ya mtoto anayesindikizwa humtaja mtu mzima wa kusafiri naye. Wanaruhusiwa wawili, basi jazeni wawili: aliyetajwa peke yake akiugua, mtoto anaweza kuzuiwa.

Mjini, mtoto wa chini ya miaka 11 hupanda basi bure, na treni za chini ya ardhi pia akiwa na mtu mzima aliyelipa. Piteni geti pana, lile jembamba hujifunga haraka na kuwatenganisha.

Kabla ya kushuka ngazi mkubaliane: akibaki jukwaani, asisogee, treni ikiondoka naye, ashuke kituo kinachofuata angoje palepale. Mwambie arudie hayo kwa mdomo wake mwenyewe. Namba yako, pamoja na +255 au +254 ya mwanzo, iandike kwenye karatasi na uiweke katika mfuko wake wenye zipu.

Natural History Museum, makumbusho ya historia ya asili, haina kiingilio. Kwa mtoto wa miaka sita, saa mbili humo zinatosha kabisa.