Zuia jua kabla halijagusa kioo: kupanga nyumba ya kuta za vioo

Mtu akiniambia anataka nyumba ya vioo, swali langu la kwanza ni jua la alasiri litapigia upande gani. Kioo hupitisha miale. Ikishapiga sakafu na viti hugeuka joto, na joto hilo halitoki tena kirahisi. Nyumba ya Farnsworth, iliyobuniwa na Mies van der Rohe na kukamilika 1951 huko Illinois, Marekani, inasifiwa hadi leo kwa uzuri wake, lakini kiangazi ilikuwa na joto kali.

Hatua ya 1: Lijue jua la kiwanja chako. Kwenye ikweta, jua la saa sita mchana hukaa kaskazini tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba, kisha huhamia kusini. Likifika mbali kabisa, mwezi Juni na Desemba, huwa na kimo cha nyuzi 66.5 kutoka usawa wa ardhi. Sehemu nyingine, chukua 90 utoe tofauti kati ya latitudo yako na latitudo ambako jua liko utosini siku hiyo.

Hatua ya 2: Chagua pande. Vioo vikubwa vielekee kaskazini na kusini. Ukiwa mbali na ikweta, vielekee upande wa ikweta ili upate jua la majira ya baridi. Magharibi punguza kadiri unavyoweza. Piga hesabu: ukuta wa kioo cha kawaida wa mita 10 za mraba, ukipigwa na wati 600 kwa kila mita ya mraba na kupitisha kama asilimia 80, huingiza takriban wati 4,800. Ni kama kuwasha hita tano ndogo sebuleni wakati wa joto kali.

Hatua ya 3: Pima upenu wa paa. Hapa usiharakishe. Gawanya kimo cha kioo kwa tanjenti (“tan” kwenye kikokotoo) ya kimo cha jua. Kioo cha mita 2.4, jua likiwa nyuzi 66.5: 2.4 ÷ 2.3, yaani upenu wa mita 1.04 hivi. Hesabu hii haifai mashariki wala magharibi, kwa kuwa huko jua huja chini na kupenya chini ya upenu wowote. Huko weka mbao za wima, luva au miti, vyote nje. Nyumba yangu ya kwanza ya vioo niliiwekea mapazia mazito ndani, na wenyewe wakateseka kila jioni: pazia la ndani hukutana na jua ambalo limeshaingia.

Hatua ya 4: Ipe hewa njia. Tundu la kuingilia liwe chini, upande upepo unakotoka. La kutokea liwe juu, upande wa pili. Hewa ya moto hupanda yenyewe.

Hatua ya 5: Sambaza mwanga. Mwanga wa kutosha hufika ndani mara 1.5 hadi 2.5 ya kimo cha ukingo wa juu wa kioo kutoka sakafuni. Dari nyeupe husaidia.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuagiza. Tengeneza nyumba ya boksi kwa vipimo vilivyopunguzwa, uimulike kwa tochi kutoka mbali, kwa pembe uliyoipata katika hatua ya 1. Doa la mwanga likivuka mstari wa kioo, rudi hatua ya 3, urefushe upenu.