Jinsi ya Kuhakiki Tamthilia kwa Gazeti la Nairobi

Nairobi, tamthilia nyingi huonyeshwa wikendi moja, au mbili zikizidi. Hilo ndilo linalopanga kazi yote ya mhakiki. Kule Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo New York, wahakiki hualikwa kwenye maonyesho ya mwisho kabla ya ufunguzi rasmi, wakapata nafasi ya kuandika. Hapa, ukitazama mchezo Ijumaa pale Kenya National Theatre na uhakiki ukatoka Jumatano, msomaji hana tena cha kwenda kuona. Basi nenda siku ya kwanza na uandike usiku uo huo, au omba kuingia mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Ukitazama mazoezi, mweleze msomaji hivyo, maana taa na sauti huwa bado zinarekebishwa.

Mwandikie msimamizi wa kundi mapema akuwekee tikiti. Tikiti pokea, ni desturi. Bahasha ya nauli kataa. Usihakiki kundi uliloliandikia mchezo wala linaloelekezwa na nduguyo. Kama mchezo umechapishwa, usome kwanza, ujue ni nini mwelekezi amekata na nini mwigizaji amesahau.

Keti katikati ya ukumbi, kando ya njia. Safu ya mbele inakunyima picha nzima ya jukwaa, ya nyuma inakunyima nyuso. Zima simu, kwa sababu mwanga wake huwasumbua hata waigizaji. Chukua daftari dogo na penseli, andika herufi kubwa upande mmoja wa karatasi, na uweke kidole gumba pale mstari ulipoishia ili unaofuata usiupande. Andika ulichokiona: mkono, kimya, kicheko kilichomeza maneno. Ukiandika “vizuri sana” gizani, kesho hutakumbuka kilichokuwa kizuri ni kipi.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kumlaumu asiyehusika. Mchezo ukijikokota, tafuta chanzo. Hesabu sekunde za giza kati ya tukio na tukio; zikifika 30 kila mara, vifaa vya mandhari ya jukwaa ni vizito au wabebaji ni wachache. Waigizaji wote wakikawia kabla ya kujibizana, hilo ni la mwelekezi. Wahusika wakielezana mambo wanayoyajua tayari, ni la mwandishi. Katika vichekesho, tazama kama mwigizaji anangoja kicheko kishuke. Asiyengoja hupoteza mstari unaofuata, na mara nyingi huo ndio uliobeba kisa.

Ukipewa maneno 500, hadithi isizidi 100, na mwisho usiufichue. Kila sifa iwe na ushahidi. “Aliigiza kwa hisia” haimsaidii mtu. “Alikunja leso mara nne kabla ya kumjibu mumewe” inamketisha msomaji ukumbini. Taa na maleba vitaje pale tu vilipobadilisha maana ya tukio.

Wahakiki wengi hulipwa kwa makala, si mshahara, kwa hiyo jizoeze pia kuandika kuhusu filamu, vitabu na muziki. Unapoomba nafasi, mpelekee mhariri hakiki tatu zilizokamilika.

Kabla ya kutuma, linganisha kila jina na kijitabu cha onyesho, kisha uliza kundi kama kuna mwigizaji aliyebadilishwa jioni hiyo. Chini ya makala weka ukumbi, tarehe zilizobaki, saa na bei ya tikiti.