Kukokotoa orodha ya mzunguko wa maisha kwa matriki: mfano wa jenereta ya dizeli

Orodha ya mzunguko wa maisha ni hesabu ya vyote vinavyoingia na kutoka, pamoja na hewa chafu, ili kupata bidhaa fulani. Jenereta inahitaji dizeli, na dizeli nayo haifiki kwenye tangi bila umeme wa pampu. Ukiufuata mnyororo huo hatua kwa hatua, kila duru inazaa nyingine. Matriki, yaani jedwali la namba, huzijumlisha duru zote kwa mkupuo mmoja.

Chukua takwimu hizi za mfano. Jenereta: lita 3 za dizeli hutoa kWh 10 na kilo 8 za kaboni dioksidi. Ugavi wa dizeli: kWh 5 huleta lita 100, na hutoa kilo 40 za kaboni dioksidi. Mtumiaji anataka kWh 1,000.

Kwenye matriki A, kila mchakato una safu wima yake na kila bidhaa safu mlalo yake. Kinachotoka ni chanya, kinachoingia ni hasi:

umeme (kWh): 10, −5
dizeli (lita): −3, 100

Vekta ya mahitaji f ni (1,000; 0). Sufuri imewekwa kwa sababu dizeli yote inatumika humo humo ndani ya mfumo. Sasa tafuta s katika A·s = f: s ni vekta ya vizidishio, yaani kila mchakato uendeshwe mara ngapi. Ditaminanti (zao la mshazari mmoja wa A kutoa zao la mwingine) ni 1,000 − 15 = 985; ndiyo kigawanyo, hivyo jenereta inapata kizidishio cha 100,000 ÷ 985 = 101.52, na ugavi 3,000 ÷ 985 = 3.05. Kaboni dioksidi: 8 × 101.52 + 40 × 3.05, yaani kilo 934. Ungeishia duru ya kwanza ungepata 8 × 100 + 40 × 3 = 920.

Kwenye Excel tumia MINVERSE (hutafuta kinyume cha matriki) na MMULT (huzidisha matriki). Kwa michakato maelfu usitafute kinyume cha matriki. Tatua mlinganyo moja kwa moja, kwa mfano kwa numpy.linalg.solve ya lugha ya Python. Kisha zidisha A kwa s: isiporudi f, ukiacha tofauti ndogo ya desimali, usiendelee.

Kizidishio kikiwa hasi, kagua kwanza alama na vipimo. MJ zikiingia kwenye safu ya kWh, kosa ni mara 3.6, na programu haitakuonya.

Kikwazo kigumu zaidi ni A isiyo ya mraba. Kiwanda cha sukari kinachotoa pia molasi na umeme wa makapi ya miwa kina bidhaa tatu kwa safu wima moja, kwa hiyo milinganyo inazidi vizidishio. ISO 14044, kiwango cha kimataifa cha tathmini ya mzunguko wa maisha, inataka kwanza ujaribu kuukata mchakato vipande au kupanua mfumo. Ikishindikana, gawa mzigo wa hewa chafu kati ya bidhaa kwa uhusiano wa kifizikia, na kugawa kwa bei kuwe njia ya mwisho. Andika njia uliyochagua kando ya jibu, maana inaweza kulibadilisha zaidi kuliko takwimu zako zote.